Chumba cha Kayabu

Juma lililopita mdogo wangu Feliksi alinipigia simu kutoka Mugoma, kijijini kwetu, akaniuliza habari za ubao. Anabomoa nyumba ya udongo ya wazazi wetu ili ajenge ya matofali ya kuchoma palepale, na mafundi walipofika chumba cha ndani walikuta ubao umesimamishwa kando ya dirisha, umegongomelewa kwenye nguzo ya ukuta, umechimbika upande mmoja kama kitu kilicholiwa. "Wanauliza kama wauchemshie chai," akasema. Nikajua kwamba anaufahamu ubao ule vizuri kama mimi na hakupiga simu kuulizia kuni. Nikamwambia auweke kando kwanza, nitampa jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipika, nikifua, nikipalilia migomba yangu hapa Nyamahanga nilikoolewa, lakini mawazo yangu yako katika chumba kile, na katika mwaka ule mmoja tulipokitengeneza kwa ajili ya paka.

Ulikuwa mwaka wa Warundi kuvuka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, Feliksi kumi na mmoja, na mdogo wetu Yustina sita. Habari za wazazi wetu na namna walivyoondoka sitaziandika hapa. Itoshe kusema kwamba walikuwa wameondoka wote wawili, baba kwanza, kisha mama, na kwamba mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita kwa sababu maharage hayajipandi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele ndicho tulichokalia, tulichopikia siku za mvua, na ndimo tulimotandika mkeka mmoja wa kulalia watu watatu. Mlango wake ulikuwa wa matete, una mwanya chini ambao kuku aliupita bila kuinama. Chumba cha ndani kilikuwa cha wazazi. Kilikuwa na mlango wa mbao, dirisha dogo lenye kifuniko cha mbao, kitanda, sanduku la bati, na koti la baba kwenye msumari. Nilikifunga kwa kufuli siku matanga ya mama yalipoisha, ufunguo nikautia uzi nikauvaa shingoni. Hakuna aliyeniagiza. Watu walipouliza kwa nini tunabanana kwenye mkeka ilhali kuna kitanda, nilijibu kwamba kitanda kina kunguni. Hakikuwa na kunguni.

Bibi Mariya alifika asubuhi moja ya mvua, pamoja na watu wengine waliokuwa wakishuka kutoka mpakani na kugawanyika katika nyumba za kijiji. Wengine walibeba magodoro, masufuria, watoto. Yeye alibeba kapu moja la kusukwa, lenye kifuniko kilichofungwa kwa kitambaa cha kichwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye meno mazuri. Alisema Kirundi, sisi tukamjibu Kihangaza chetu, tukaelewana kama watu waliozaliwa kando ya kisima kimoja. Nilimpakulia ugali wa muhogo na maharage. Kabla hajajilisha alimega kidogo, akaupoza ugali kwa kuupuliza, akaupenyeza chini ya kifuniko. Kapu likatikisika.

"Bibi, mna mtoto humo?" Yustina akauliza.

"Mna mtu mzima," akajibu Bibi Mariya. "Tena mwenye hasira. Nami ningekasirika, siku tatu ndani ya kapu."

Alipofungua, akatoka paka wa kijivu mwenye milia, sikio moja limechanika. Hakutukimbia. Alizunguka chumba akikinusa, ukuta hadi ukuta, kisha akaruka juu ya mtungi, kutoka mtungini akaruka juu ya rafu ya vyombo, akakaa huko akitutazama kama mtu aliyekuja kukagua. Bibi Mariya alimwita Kayabu. Kwa Kirundi neno hilo ni paka tu; jina jingine hakuwa nalo. Hakuwa wake. Alikuwa wa mjukuu wake, msichana wa miaka minane aitwaye Espe, na habari za Espe tulizisikia kidogo kidogo, tukimenya mihogo. Watu walipoanza kukimbia, msichana alikuwa kisimani na wenzake, akachukuliwa na kundi lililokwenda upande mwingine. Asubuhi ile ile kabla ya kwenda kisimani alikuwa amemwambia bibi yake, "Usimfungulie Kayabu, ana kidonda sikioni." Ndiyo maneno ya mwisho Bibi Mariya aliyokuwa nayo kutoka kwake. Kwa hiyo alipoikimbia nyumba hakuchukua unga wala blanketi. Alichukua paka.

Alikaa kwetu kama majuma matatu, mpaka malori yalipoanza kuwachukua watu kuwapeleka kambini. Yeye hakupanda siku ya kwanza. Alikwenda kwa miguu kupatazama, akarudi amechoka, akakaa karibu na mafiga. "Kuna turubai," akasema. "Turubai juu na turubai pembeni. Chini ni tope. Mbwa ni wengi na watu wana njaa. Mtu anaweza kuishi mahali pasipo na juu pa kupanda. Paka hawezi." Kisha akanigeukia mimi, si kama mtu mzima anavyomgeukia mtoto. "Dafroza, mwana wanje, mwanangu. Nikimpata Espe, kitu cha kwanza atakachoniuliza nakijua. Nishikie huyu mpaka nije." Nikasema nitamshika. Aliniachia na kapu lake, akapanda lori akiwa na kitambaa cha kichwa mkononi.

Nilikuwa na hakika kwamba najua kumtunza paka. Kwetu paka akiletwa nyumba mpya hufunikwa macho akazungushwa mara tatu kwenye mafiga, ili asahau njia aliyojia. Nikamzungusha. Kwetu pia kila mtu anajua kwamba paka akilishwa hakamati panya, kwa hiyo hupewa njaa na kuachwa atafute mwenyewe. Nikamwachia atafute. Siku ya pili Feliksi alimkuta kwenye njia ya mpakani, anatembea katikati ya njia bila kutazama pembeni, kama mtu anayekwenda kwao. Alimrudisha ndani ya shati lake, amejaa mikwaruzo kifuani. Nikamfunga kamba ya mgomba kwenye nguzo ya jikoni. Jirani yetu wa upande wa chini, Mama Leonsi, mwanamke mwenye sauti na mwenye huruma kwa zamu, akapita akasimama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mbuzi wenu mwaka huu ni mdogo."

"Si mbuzi, mama."

"Naona. Basi akikata kamba mwambieni asije kula kwangu. Panya wamenishinda, nimewatilia dawa kwenye ugali, nimeusambaza mpaka njiani. Mbwa wa mwalimu ameula, wamemzika jana."

Paka akaikata kamba siku hiyohiyo. Safari hii nilimpata mwenyewe, yuko hatua chache tu kutoka ghala la Mama Leonsi, amenyoosha shingo kuelekea donge jeupe kwenye majani. Nilimkamata kwa ngozi ya shingo, nikakimbia naye nyumbani, na bila kufikiri nikautoa ufunguo, nikafungua kufuli, nikamtupa ndani ya chumba cha wazazi, nikafunga. Nilijiambia kwamba nimekifungua kwa sababu ya dawa tu.

Alikaa humo siku nyingi. Asubuhi nilifungua mlango kidogo, nikasukuma bakuli la maji bila kutazama, nikafunga. Tulimsikia akilia, sauti nzito isiyofanana na ya paka, na Feliksi akawa anakula chakula chake nje ili asisikie. Siku moja kelele ilizidi, kitu kikachanika, nikaingia. Koti la baba lilikuwa sakafuni. Alikuwa amelivuta kutoka msumarini na kulichana mgongo mzima, kitambaa cha ndani kikatoka kama utumbo, na alikuwa amekwenda haja juu ya mfuko wa maharage ya mbegu niliouweka pale zamani. Nikampiga kwa fagio. Nilimpiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, yeye akiwa chini ya kitanda, fagio likigonga miguu ya kitanda zaidi ya kumgonga yeye. Nilipochoka nikageuka, nikamwona Yustina amesimama mlangoni. Tangu mama afe hakuwa amekiona chumba kile. Hakumtazama paka wala mimi. Alikuwa anatazama kitanda.

Bibi Mariya alikuja siku chache baadaye. Watu wa kambini walikuwa wameanza kutoka kutafuta vibarua vya kulima vijijini, naye alitembea tangu alfajiri. Alikuwa amekonda zaidi. Alileta unga kidogo wa mahindi ya njano kwenye kitambaa, zawadi, na alipokwisha kusalimu akauliza neno moja: "Yupo?" Nikavua ufunguo.

Nilidhani atanikaripia. Aliingia, macho yakazoea giza, akaliokota koti kwanza, akalikung'uta vumbi. "La baba?"

"Ndiyo."

"Ulimpiga?"

"Nilimpiga."

Akalikunja koti taratibu, sehemu iliyochanika ndani, akalaza mikono yake juu yake. Kisha akaketi juu ya kitanda. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu mama. Nilitaka kumwambia asikae, lakini mtu mzima haambiwi hivyo, na kitanda kikatoa mlio uleule kilichokuwa kikitoa zamani tukiwa upande wa pili wa ukuta. "Kucha zake hazina ugomvi na baba yako," akasema. "Hana kitu chake humu. Lala chini."

"Mimi?"

"Wewe. Lala hapo sakafuni, ubavu. Unaona nini?"

Nikalala. "Miguu ya kitanda. Vumbi. Chini ya mlango naona mwanga."

"Na yeye anaona hayohayo mchana kutwa, akisikia watoto wanacheka nje. Umemtunza, sikatai, yuko hai. Lakini umemjengea jela. Mtu akiwa jela anafanya nini? Anatafuta pa kutokea, ama anachana koti."

Nikiwa bado chini, nikamwuliza la chakula, kwa sababu lilikuwa linanisumbua: akilishwa, si ataacha panya? Alicheka mpaka meno yake yote mazuri yakaonekana. "Wewe ukishiba unaacha kuimba?" Akainuka, akaanza kuzunguka chumba akigonga kuta kwa vidole, akionyesha hapa na pale, na sisi watatu tukamfuata, na hivyo ndivyo chumba kile kilivyofunguliwa. Sikuamua. Nilikuwa nikimsikiliza mtu anayezungumza habari za paka.

Kazi ilituchukua mwezi mzima, saa za mchana jua likiwa kali na shamba haliingiliki. Cha kwanza kilikuwa dirisha. Bibi Mariya alisema paka asiye na cha kutazama huitazama njia ya kwao. Nilikifungua kifuniko kilichovimba kwa unyevu, kikalia, mwanga ukaanguka juu ya kitanda, juu ya sanduku, ukutani mahali mama alipokuwa ameweka alama za urefu wetu kwa mkaa. Feliksi alisuka wavu wa matete, akaupigilia kwenye tundu la dirisha, matundu mapana ya kupitisha hewa na harufu lakini si kichwa. Nje kulikuwa na migomba, na kwenye migomba wale ndege wa manjano wanaofuma viota na kugombana tangu asubuhi. Kisha tukampa juu. Tulikata fito, tukazifunga kwa kamba za mgomba, tukatengeneza rafu karibu na paa upande wa dirisha, na nyingine ndogo chini yake, ili aweze kupanda kutoka sandukuni hadi kitandani, kitandani hadi rafu ndogo, hadi kileleni. Huko juu tukaweka kapu lake lilelile la safari, limelazwa ubavu, mdomo umeelekea kwenye mwanga. Ndani yake alihitaji kitu laini. Nilifungua sanduku la bati kutafuta kitambaa chakavu, na cha juu kabisa kilikuwa kitenge cha mama cha kijani, kile alichokuwa akijifunga akienda kanisani. Nilitaka kukirudisha. Yustina akakichukua mikononi mwangu, akakinusa muda mrefu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kinanuka sanduku." Tukakikata. Nusu tukaitandika kapuni, nusu akabaki nayo yeye.

Kwa haja tulichukua kopo la mafuta la kambini, lile la bati lenye pembe nne, tukalipasua ubavuni, tukakunja ncha zisimkate, tukalijaza majivu yaliyochekechwa, tukaliweka kona ya mbali na bakuli la chakula. Bibi Mariya alisisitiza umbali huo. "Hata wewe hupikii chooni." Na kwa kucha zake, Feliksi alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na ubao ambao baba alikuwa ameupiga randa kwa ajili ya mlango wa mbele, ule mlango ambao hakuwahi kuutengeneza. Alinitazama kabla ya kuuingiza ndani. Tukausimamisha kando ya dirisha, tukaugongomelea kwenye nguzo, tukauzungushia kamba ya katani kuanzia chini hadi katikati. Kayabu alitoka chini ya kitanda siku ya tatu, akaunusa, akajinyoosha akawa mrefu kama soksi, akauchimba kwa kucha zote kwa nguvu hivi kwamba sote tulicheka. Koti la baba nililishona, nikalirudisha msumarini, pale pale karibu na ubao. Hakuligusa tena.

Siku hizi binti yangu hunionyesha kwenye simu vyumba vya paka vya watu wa mbali, vyenye ngazi na nguzo na madaraja ya kutembelea juu ukutani, anacheka, anasema, "Mama, watu wana mambo." Mimi hutazama kwa makini. Vitu vyote ninavyoviona tulikuwa navyo, isipokuwa rangi. Wala sijaona popote kitu kama kile alichobuni Feliksi: kopo dogo la nyanya alilolitoboa matundu kwa msumari, akatia dagaa watatu ndani, akalifunga mdomo. Kayabu alilazimika kulibingirisha sakafu nzima ili dagaa mmoja adondoke. Lilimshughulisha kutwa. Sisi tulilala kifudifudi juu ya kitanda cha wazazi, vichwa vitatu vimening'inia ukingoni, tukimtazama, tukimpa ushauri. "Ligeuze! Upande ule! Ah, mjinga wewe!" Na kwa sababu mvua zilikuwa zimerudi na chumba cha mbele kilikuwa kinavuja, tulianza kumenya maharage humo, kula humo, Yustina akichora kwa mkaa ukutani chini ya alama za mama. Jioni tulitoka, nikafunga kufuli. Kulala humo hapana. Kilikuwa chumba cha paka.

Habari zilienea. Mama Leonsi alikuja kuona kwa macho yake, akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Watoto hawana viatu, paka ana dirisha," akasema. Kwa kuwa kipindi hicho barabara ilikuwa imejaa magari ya maofisa, na aliyekuwa na chumba cha peke yake katika wilaya nzima alikuwa ofisa, akamwita Bwana Afisa. Kila asubuhi akipita na jembe alipaza sauti, "Bwana Afisa ameamkaje? Amekunywa chai?" Feliksi alimjibu kutoka ndani, "Yuko kwenye mkutano!" Kisha watu wengine, si Warundi, wakavuka kwa upande mwingine, wengi kuliko wale wa kwanza, mpaka milima ikabadilika rangi kwa turubai na miti ikaisha kama nywele za mtu aliyenyolewa. Malori ya mahindi yakawa yanamwaga punje barabarani, panya wakanenepa, wakaingia kila nyumba. Kwetu waliingia pia. Kila asubuhi nilipofungua mlango nilikuta wawili au watatu wamepangwa karibu na kizingiti, na mwuaji amelala kapuni, ameshiba dagaa. Mama Leonsi alikuja tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Dafroza, binti yangu. Niazime Afisa. Juma moja tu."

"Hawezi, mama. Hana ruhusa ya kutoka kituoni."

"Nitamtunza."

"Una dawa mpaka mlangoni, mama. Tena si wangu."

Akanitazama, akaona sifanyi mzaha. "Si wako," akarudia, kama mtu anayelionja neno. "Miezi yote hii, chumba chote hiki, na si wako." Jioni yake alikuja na reki, akakusanya madonge yote ya dawa njiani, akayachimbia.

Bibi Mariya aliendelea kuja, karibu kila mwezi, kutwa moja. Alikaa kitandani, Kayabu akashuka akalala mapajani pake, naye akatazama dirishani bila kusema mengi. Alikuwa anauliza habari za Espe kwa kila mtu aliyeingia kambini. Halafu akaacha kuja. Mwezi ukapita, na wa pili. Feliksi alikuwa wa kwanza kulisema: labda amekufa, labda amehamishwa. Niliona kwamba halisemi kwa huzuni tu. Yustina alikuwa ameacha kabisa kusema paka wa Bibi; alisema paka wetu. Nami nilijikuta naacha kusahihisha.

Alikuja asubuhi, mwanzoni mwa mvua nyingine, mwaka ukiwa umetimia. Tulikuwa ndani ya chumba tukichambua mbegu. Feliksi ndiye aliyemwona kwanza kupitia wavu wa matete, anashuka kati ya migomba, amejifunga mzigo mgongoni, mzigo wa mtu anayesafiri.

"Dada," akasema haraka. "Tuseme ametoroka."

Niliweka mbegu chini, nikainuka.

"Tuseme amekula dawa. Mama Leonsi atatusaidia kusema. Dada, yeye anarudi kwao, ataweza kumpata paka mwingine. Huyu ndiye..." Hakumalizia. Yustina alikuwa ameshasimama mbele ya rafu, mikono ameitandaza, kana kwamba hivyo ataificha.

Ningependa kuandika kwamba niliwakemea. Niliondoka nikafunga mlango nyuma yangu, nikapiga kufuli, nikaenda kumpokea Bibi Mariya chumba cha mbele, na watoto wakiwa wamefungiwa huko na paka. Nilimkaribisha. Nilimpa maji. Hakuyanywa. Alisema mtu mmoja kutoka Muyinga, ng'ambo ya mpaka, amemwona msichana kwa mama yake mdogo, mkubwa kidogo sasa, anaitwa Espe, anauliza watu kama wamemwona mwanamke mwenye kapu. Alisema wanaondoka leo, watu kumi, kwa miguu. Nikaona kwamba anaogopa kuuliza. Mwanamke yule aliyevuka na kupoteza kila kitu alikuwa anaogopa uso wangu. Alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili akitafuta jibu machoni pangu kabla ya kuuliza swali, nami nilikuwa na ufunguo kifuani, unanichoma kama kaa.

"Yupo?" akasema hatimaye.

Nikauvua ufunguo. "Yupo, Bibi. Anakusubiri."

Ndani, watoto walikuwa kitandani, wamekaa. Kayabu alikuwa juu kwenye rafu, ndani ya kapu lake, anatazama ndege. Bibi Mariya alimwita. Hakugeuka. Alimwita tena, na sikio lile lililochanika likazunguka, yeye mwenyewe akabaki pale pale. Nikaona kwa sekunde moja matumaini kwenye uso wa Feliksi. Lakini Bibi Mariya alipanda juu ya sanduku, akalishika kapu kwa pande zote mbili, akalisimamisha taratibu, paka akiwa ndani juu ya kitenge cha mama, akashuka nalo. Alitoa kitambaa cha kichwa, akafunga kifuniko. Mle ndimo alimokuwa amelala mwaka mzima. Hakulia hata mara moja. Tulikuwa tumemwandalia safari bila kujua.

Bibi Mariya alisimama mlangoni akakitazama chumba: rafu, dirisha, ubao, kopo la majivu, mabaki ya maganda ya maharage juu ya kitanda. "Espe atataka kujua alikokuwa," akasema. "Nitamwambia alikaa kwa watu wenye nyumba." Akamshika Yustina kichwani, akamshika Feliksi ambaye hakutaka kushikwa, akanishika mimi mikono yote miwili. Tulimsindikiza mpaka njia panda. Mama Leonsi alikuwa shambani, akasimama wima na jembe lake. "Bwana Afisa amehamishwa?" akauliza, lakini sauti ilimwishia njiani. Kama walifika, sijui. Sijawahi kupata habari hadi leo.

Niliporudi nyumbani mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi. Nilikwenda na kufuli mkononi, kwa mazoea, maana hapakuwa tena na kitu cha kufungia humo. Yustina alikuwa amenitangulia mbio. Alikuwa amejilaza katikati ya kitanda cha mama, na nusu yake ya kitenge, uso dirishani, akitazama pale paka alipokuwa akitazama. "Dada," akasema bila kugeuka, "wale ndege wana watoto." Nikakaa. Kitanda kikatoa mlio wake. Feliksi alileta mkeka kutoka chumba cha mbele, akautandika sakafuni chini ya ubao, bila kuniuliza, na kufuli nililiweka juu ya rafu, mahali kapu lilipokuwa. Nadhani liko hukohuko, au lilikuwako mpaka mafundi walipofika.

Jana nilimpigia Feliksi kumpa jibu. Nikamwambia ubao usichomwe. Chumba cha ndani kikishaezekwa, ausimamishe tena na kuugongomelea, kando ya dirisha, upande uliochimbika uelekee ndani. Nikakumbuka kwamba nyumba za siku hizi madirisha huelekezwa barabarani, nikamsihi dirisha la chumba kile asilihamishe, alitoe upande wa migomba.

Akacheka, kicheko chake kilekile cha kutoka ndani ya chumba. "Hilo niliwaambia mafundi kabla hawajachimba msingi, Dada," akasema. "Litabaki palepale."